Habari za Rungwa, Nchi Iliyogeuka Pori la Wanyama

Sifa za Serengeti na Ngorongoro wasomaji wetu wamezisikia mara nyingi, wala sioni haja ya kuzirudia. Lakini liko pori jingine katika Tanzania, kubwa sana, ambalo halitajwi mara nyingi hata na watu wasiokaa mbali nalo. Pori hilo ni Rungwa, katika mkoa wa Singida upande wa kusini. Ukubwa wa Rungwa peke yake ni kama kilomita za mraba 9,000, na ukiongeza ndugu zake wawili, Kizigo na Muhesi, jumla yapita kilomita za mraba 17,000. Tena kwa kusini pori hili limeshikamana na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, ambayo mwaka 2008 ilipita kilomita za mraba 20,000. Mipaka iliyo kati yake twaijua sisi tusomao ramani, ndovu hawaijui.

Nia yangu ni kueleza jinsi nchi hiyo ilivyopata kuwa pori la wanyama, maana haikuwa hivyo tangu mwanzo. Mtu aendaye kuwatazama wanyama asipojua habari hizi ataona miti na wanyama basi, akadhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu dunia kuumbwa.

Atakaye kufika huko hushuka katika gari moshi hapo Itigi, katika reli ya kati, kisha hushika njia ya kusini ielekeayo Chunya na Mbeya, apitie Mitundu na Mwamagembe hata kijiji cha Rungwa. Msomaji asidhani kwamba ataingia katika msitu wa mvua wenye giza, kama ule wa Ituri huko Kongo, au kama ile misitu ya Usambara iliyo juu ya Amani. Mvua ya Rungwa ni ya msimu mmoja tu, na miezi mingi ya mwaka nchi ni kavu. Miti yake ni ya miombo, yaani mtundu, myombo, mninga na jamaa zao, iliyosimama mbali mbali kiasi cha kupitisha mwanga, na nyasi chini yake. Katika mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla mvua haijanyesha, miti hiyo huchipua majani mekundu kama shaba, na mgeni hustaajabu kuona pori lililokauka likijivika nguo mpya bila tone la maji.

Lakini karibu na Itigi penyewe pana kitu cha namna nyingine kabisa, nacho chastahili kutajwa peke yake. Pale kuna kichaka kinene cha vijiti vingi visivyopita sana kimo cha mtu mara mbili au tatu, vimesongamana hata mtu hawezi kupita ila kwa kuinama au kwa panga. Kichaka cha namna hii hakipatikani mahali pengi duniani: kiko hapa Itigi, na kingine kiko mbali sana, kati ya ziwa Tanganyika na ziwa Mweru Wantipa, katika nchi ya Zambia na mpaka wake. Mtaalamu wa mimea B. D. Burtt alikichunguza, na maelezo yake yalichapwa mwaka 1942, baada ya kufa kwake. Hapo zamani kichaka hicho kilikuwa maskani ya faru, kwa kuwa faru hupenda mahali pa kujificha na vijiti vya kutafuna.

Maji ya nchi hii nayo yana jambo la kushangaza kidogo. Mto Rungwa waelekea magharibi hata ziwa Rukwa, ziwa lisilo na mlango wa kutokea. Mto Kizigo waelekea mashariki, ukaungana na Ruaha Mkuu mahali pa Mtera, na maji yake hufika Rufiji na bahari ya Hindi. Basi mvua moja ikinyesha juu ya pori hili hugawanyika. Mengine huishia ziwani na kukauka kwa jua, mengine huenda baharini.

Wenyeji wa nchi hii tangu zamani ni Wakimbu. Walikaa katika utemi mdogo mdogo mwingi, kila mtemi na watu wake, wametawanyika porini penye maji. Hawakuwa wafugaji wa ng'ombe wengi, kwa sababu ya yule nzi aitwaye mbung'o, ambaye watu wa magharibi humwita ndorobo. Ng'ombe akiumwa naye hukonda akafa. Kazi zao zilikuwa kulima kidogo, kuwinda, na zaidi ya yote kutafuta asali. Walichonga mizinga ya magome na ya magogo wakaitundika mitini, tena walimfuata segu, yule ndege mdogo aitaye watu kwa kelele zake na kuwaongoza mpaka penye nyuki, ili akiisha kurinwa asali apate fungu lake la nta na viluwiluwi. Nta ya nchi hizi iliuzwa mbali sana. Katika siku za Wajerumani na za Waingereza kodi ya watu wengi wa upande huo ilitoka katika nta.

Juu ya wanyama palikuwa na sheria, ingawa haikuandikwa kitabuni. Katika makabila mengi ya bara desturi ilikuwa hii: ndovu akiuawa, pembe iliyolalia chini ni ya mtemi mwenye nchi, na ile ya juu ni ya mwindaji. Naomba msomaji aikumbuke pembe hiyo ya chini, kwa maana habari yote inayofuata, ukiitazama vema, ni habari ya pembe hiyo: nani aipokee.

Karne ya kumi na tisa ilipokuwa katikati, pembe za ndovu zilianza kutafutwa kuliko zamani. Soko lake lilikuwa Unguja, na kutoka Unguja zilikwenda Bara Hindi, Uingereza na Marekani. Huko Connecticut, katika miji ya Deep River na Ivoryton, viwanda vikubwa vilikata pembe hizo kuwa vipande vyembamba vya kufunikia funguo za vinanda. Waimbaji wengi wa kanisani huko ng'ambo waligusa kwa vidole vyao pembe zilizochukuliwa mabegani na Wanyamwezi, nao hawakujua zimetoka nchi gani wala zimegharimu watu wangapi.

Njia kuu ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora ilipita upande wa kaskazini wa nchi tunayoieleza. Baada ya Ugogo wasafiri waliingia katika pori waliloliita Mgunda Mkali, na jina hilo lilitisha wapagazi. Maji yalikuwa haba, vichaka vilisonga njia, na chakula hakikununulika kwa siku nyingi. Burton na Speke walipita mwaka 1857. Burton aliandika habari za mwamba wa Jiwe la Mkoa, uliokuwa kituo mashuhuri katikati ya pori. Stanley alipita mwaka 1871 katika safari yake ya kumtafuta Livingstone, akataja kijiji cha Mgongo Tembo. Wote wawili waliona kwamba Wakimbu walikuwa wamekwisha kufyeka sehemu za pori hilo na kujenga vijiji kando ya njia, wapate kuwauzia wasafiri chakula. Hili ni jambo la kuangaliwa. Wageni wale waliandika neno pori, na vitabu vyao vyasomwa hata leo kana kwamba walipita nchi tupu. Lakini ndani ya vitabu hivyo hivyo mna watu wanaolima, wanaouza mtama, na wanaodai ushuru.

Kisha akaondokea mtu mmoja aliyeigeuza Ukimbu yote. Jina lake ni Nyungu ya Mawe. Alikuwa wa ukoo wa watemi wa Unyanyembe, mwenye jicho moja, na tabia yake ilikuwa kama jina lake. Alikusanya vijana wasio na nyumba wala jamaa, wengine mateka, wengine wapagazi waliotoroka, akawapa bunduki. Nao ndio walioitwa rugaruga. Kwa jeshi hilo aliwashinda watemi wa Kimbu mmoja baada ya mmoja. Hakuwaondoa wote, aliweka juu yao wasimamizi wake, waitwao vatwaale, na kazi yao moja kubwa ilikuwa kumpelekea pembe. Basi pembe ya chini, iliyokuwa ya mtemi mdogo wa kijiji, sasa ilikwenda kwa mkubwa mmoja mbali. Nyungu alikufa mwezi wa Desemba 1884, na baada yake akatawala binti yake Mgalula. Sijaona katika vitabu vya shule sifa za mwanamke huyo zilizo sawa na cheo chake, maana kutawala kundi la rugaruga si kazi ndogo. Katika miaka ya 1890 Wajerumani waliupokonya utawala ule, wakauvunja vipande vipande kama ulivyokuwa kwanza.

Lakini bunduki za Wajerumani hazikufanya hasara kama ile iliyofanywa na tauni ya ng'ombe iitwayo sotoka. Iliingia Afrika ya Mashariki karibu na mwaka 1891, ikaua ng'ombe wasiohesabika, na pamoja nao mbogo wa porini na wanyama wengine wenye kwato. Watu wa Ugogo na nchi za kandokando walipoteza mali yao kwa miezi michache. Panapokosekana ng'ombe wa kula majani na watu wa kufyeka, vichaka hurudi. Na vichaka vikirudi, mbung'o naye hurudi. Ndivyo nchi nyingi zilizokuwa za malisho na mashamba zilivyoanza kugeuka pori, kabla hata Serikali yo yote haijachora mstari katika ramani.

Mwaka 1896 Gavana Hermann von Wissmann alitoa amri juu ya uwindaji katika nchi yote ya Wajerumani. Kuanzia hapo kuwinda wanyama wakubwa kulihitaji cheti cha kulipiwa, na mapori ya kwanza yakatengwa ili wanyama wasiuawe humo. Amri hiyo ilikuwa na sababu ya haki, kwa kuwa ndovu walikuwa wamepungua kwa ajili ya biashara ile niliyoieleza, na walioifanya hawakuwa Waafrika peke yao. Wapo Wazungu wengi waliotajirika kwa pembe. Hata hivyo uzito wake ulimwangukia zaidi mtu wa kijiji. Yeye aliyefundishwa na baba yake kuwinda, na kusifiwa kwa kazi hiyo, alilala mwindaji akaamka mwizi. Neno jangili halikumtofautisha mtu atafutaye kitoweo na yule auaye ndovu kumi kwa siku.

Kwa upande wa nchi yetu, mwaka 1910 Wajerumani walitenga pori la hifadhi walilolipa jina la Saba. Hilo ndilo mzazi wa Rungwa na wa Ruaha pia. Siku zile reli ilikuwa ikijengwa. Ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Njia ya zamani ya misafara ikafa, na vijiji vilivyoishi kwa kuwalisha wapagazi vikakosa wateja.

Vita vya kwanza vya dunia vilipofika, majeshi ya pande zote mbili yalichukua nafaka, ng'ombe na wanaume wenye nguvu. Mvua nazo zikakosa. Katika Ugogo, tangu mwaka 1918 hata 1920, ilikuwako njaa ambayo wazee waliiita Mtunya, na ndani yake yakaja yale mafua yaliyozunguka dunia nzima. Watu walikufa, wengine walihama, na pori likasogea tena.

Waingereza waliposhika nchi waliunda idara ya wanyama mwaka 1919, na mkubwa wake wa kwanza alikuwa C. F. M. Swynnerton. Mwaka 1929 huyu huyu alipewa kazi ya kumpiga vita mbung'o, maana ugonjwa wa malale ulikuwa umeingia katika nchi za magharibi, na Serikali iliwahamisha watu waliokaa mbali mbali porini ikawakusanya mahali pamoja palipofyekwa. Tazama basi jambo hili: mtu aliyewekwa kwanza kuwalinda wanyama ndiye aliyewekwa baadaye kumpiga mdudu akaaye kwa damu ya wanyama hao. Hakuwa mnafiki, kazi zote mbili alizifanya kwa bidii na elimu. Alikufa katika ajali ya ndege mwezi wa Juni 1938, pamoja na Burtt yule aliyeandika habari za kichaka cha Itigi. Lakini sera ile ya kuwakusanya watu ilikuwa na matokeo mawili. Iliokoa maisha ya wengi. Tena iliwaachia wanyama nchi ambayo makaburi ya mababu yamo ndani yake.

Mwaka 1946 Waingereza waliliita pori la Saba kwa jina la Rungwa. Miaka mitatu baadaye, yaani 1949, Bwana George Rushby, mkubwa wa askari wa wanyama huko Mbeya, alitoa shauri kwamba sehemu ya kusini ya Rungwa ifanywe hifadhi ya taifa. Rushby alikuwa mtu wa namna yake. Katika ujana wake alikuwa mwindaji wa pembe, na tena si kila mara kwa cheti. Baadaye alijulikana sana kwa kuwaua simba wala watu wa Njombe. Huenda ilihitajika mtu aliyeua ndovu wengi ndipo ajue jinsi wanavyoweza kwisha. Shauri lake lilichelewa. Tanganyika ilipata uhuru mwezi wa Desemba 1961, na miezi mitatu kabla ya siku hiyo Mwalimu Nyerere alikuwa ametoa tamko la Arusha juu ya wanyama, akiahidi kwamba taifa jipya litawatunza. Mwaka 1964 sehemu ile ya kusini ilikatwa ikawa Hifadhi ya Ruaha, na mto Mzombe ukawa mpaka kati yake na Rungwa.

Hapa inafaa kueleza tofauti, kwa kuwa watu wengi huzichanganya. Katika hifadhi ya taifa, kama Ruaha, haruhusiwi mtu kuwinda. Mgeni huja kutazama na kupiga picha. Katika pori la akiba, kama Rungwa, Kizigo na Muhesi, mgeni mwenye kibali aweza kuwinda kwa kulipa ada kubwa kwa kila mnyama, naye hupangiwa eneo na idadi. Mtu mwingine ye yote haingii bila ruhusa. Kwa hiyo atakaye kuwaona wanyama kwa macho tu, mara nyingi huambiwa aende Ruaha. Na wengi wa wageni wa Rungwa kwa miaka mingi wamekuwa watu waliokuja na bunduki. Wako wasemao kwamba ni aibu kumlinda mnyama ili auzwe kwa tajiri wa kumpiga risasi. Wako wajibuo kwamba katika nchi yenye ndorobo na barabara mbaya mpiga picha haendi, na bila ada za wawindaji askari wa pori hawangepata hata mafuta ya gari. Mimi naona hoja ya pili ina nguvu, ila yategemea sana kuangalia hesabu kwa uaminifu. Kanuni za mwaka 2010, kwa mfano, zilikataza kuua simba dume asiyetimiza umri wa miaka sita, kwa sababu ukiua dume kijana mwenye watoto, dume mwingine huja akawaua watoto wale, na kwa risasi moja umemaliza kizazi.

Maadui wa ndovu hawakuwa wenye kulipa ada. Katika miaka ya 1970 bei ya pembe ilipanda, na bunduki za vita zikaenea. Mwaka 1973 Serikali ilifunga uwindaji wote hata 1978, lakini majangili hawakufungika. Ni katika miaka hiyo, na iliyofuata, faru wa nchi hizi walimalizwa. Vile vile, katika miaka hiyo ya 1973 hata 1976, Operesheni Vijiji iliwatoa watu waliotawanyika ikawaweka kando ya barabara, na macho ya wenyeji yakapungua porini. Mwaka 1989 Serikali ilipeleka majeshi katika Operesheni Uhai, na mwezi wa Oktoba mwaka huo huo mataifa yalikutana Lausanne, Uswisi, yakakataza biashara ya pembe duniani. Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioleta shauri hilo.

Kwa miaka ishirini ndovu waliongezeka. Kisha tamaa ikarudi, na safari hii soko lilikuwa Asia ya mashariki. Katika hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 2009, ndovu wa Tanzania walipita 109,000. Mwaka 2014 walionekana kama 43,000 tu. Katika nchi ya Ruaha na Rungwa peke yake hesabu ilikuwa kama 31,600 mwaka 2009, kama 20,000 mwaka 2013, na kama 15,800 mwaka 2015. Yaani katika miaka sita walipotea nusu ya ndovu wote. Mwezi wa Oktoba 2013 ilianzishwa Operesheni Tokomeza, lakini ilisimamishwa baada ya majuma machache kwa sababu wananchi waliteswa, wengine wakafa, na mawaziri wanne wakapoteza vyeo vyao mwezi wa Desemba. Nalieleza hili kwa sababu watu wa vijiji vya mapori hawalisahau. Muuzaji mkubwa wa pembe hakai kijijini, bali fimbo ilimfikia kwanza mtu wa kijijini. Baadaye kazi ya kulinda mapori ya akiba ilikabidhiwa kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, iliyoanza kazi mwaka 2016, na mauaji ya ndovu yakapungua sana.

Siku hizi mtu akienda kwa kibali wakati wa kiangazi, tangu Juni hata Oktoba, ataona nini? Ataona mengi, lakini si kwa haraka. Miombo haionyeshi wanyama wake kama uwanda wa Serengeti. Hakuna makundi ya nyumbu yajazayo macho. Kuna palahala dume, mweusi kama makaa, pembe zimepinda nyuma kama upanga, amesimama chini ya mtundu akikutazama, na ukigeuza kichwa amekwisha kutoweka. Kuna korongo, na pofu, na kongoni, na tandala mwenye pembe za mzunguko. Mbogo huenda kwa makundi mpaka penye madimbwi yaliyobaki, na simba huwavizia hapo hapo, kwa sababu simba hajisumbui kutafuta mahali mnyama atakapokuja mwenyewe. Mbwa mwitu wangali wapo, nao ni wachache katika Afrika nzima. Kwa upande wa Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, tangu mwaka 1993 maji hukatika wakati wa kiangazi kwa sababu ya kuchukuliwa mno huko Usangu juu, na wanyama husongamana katika mabwawa machache. Ndorobo atakuuma hata juu ya nguo. Basi usivae buluu wala nyeusi, maana hizo ndizo rangi azipendazo, na mitego ya kumnasa hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo. Masika yakianza, udongo mweusi wa mbugani hushika magurudumu, na safari huwa taabu.

Msafiri akirudi kaskazini hupita tena katika vijiji, na hapo ndipo ile habari ya pembe ya chini hurudi. Kwa utaratibu uliowekwa, sehemu ya robo ya ada za wanyama wanaowindwa hurudishwa kwa halmashauri za wilaya. Halmashauri, lakini, si kijiji. Na kijiji si yule mjane ambaye shamba lake la mtama limekanyagwa na ndovu usiku mmoja. Kwa ajili yake yeye kulitungwa kanuni mwaka 2011, na malipo yake yakaitwa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Majina hayo yasema kweli, maana kufuta si kulipa. Tena katika kanuni hizo shamba lililo karibu mno na mpaka wa pori halikupata kitu, na lililo mbali lilipata zaidi, kana kwamba mkulima wa mpakani alikuwa na ardhi nyingine akaikataa.

Watu hupiga madebe, huwasha moto, hupaka kamba za uzio oili chafu iliyochanganywa na pilipili kali. Ndovu ni mwenye akili. Kelele huizoea kwa juma moja. Lakini katika Kenya, huko Sagalla karibu na Tsavo, wataalamu walijaribu jambo jingine, nalo limeigwa katika nchi nyingi. Walitundika mizinga ya nyuki kulizunguka shamba, mmoja kila baada ya mita kumi hivi, wakaiunganisha kwa waya. Ndovu akiusukuma waya, mizinga hutikisika, nyuki hutoka. Na ndovu, pamoja na ukubwa wake wote, humwogopa nyuki, kwa kuwa humwuma machoni na ndani ya mkonga. Hukimbia, hata huwaonya wenzake kwa sauti. Mkulima hubaki na mtama wake, na asali juu yake. Kule Itigi na Rungwa hakuna haja ya kumleta mtu wa mbali afundishe kutundika mzinga.